Michezo ya ndani kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu ana miguu inayomfikisha popote, na akili ambayo bado haijajua pa kutofika. Mvua za masika zikimfungia ndani, au homa inayoelekea kwisha, au nyumba ikiwa imepakana na barabara ya bodaboda, nguvu zake hazipungui. Zinahamia kwenye droo, ndoo ya maji, nyaya za televisheni na debe la unga. Katika nyumba nyingi hali hiyo huitwa utundu, na dawa yake huwa simu ya mkononi. Mtoto wa umri huu, hata hivyo, hadai kutumbuizwa. Anataka kazi ya kufanya kwa mikono yake, na karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki, hata ya chumba kimoja cha kupanga, ina vifaa vya kazi hiyo.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba tangu kuzaliwa hadi karibu miaka miwili mtoto hufikiri kwa hisi na matendo: kushika, kutia mdomoni, kumwaga, kuangusha na kutazama kinachotokea. Mtoto anayeangusha kijiko kutoka kitini, akaokotewa, akakiangusha tena, hamkomoi mtu. Anahakikisha kama kijiko kitaanguka kila mara, kama kitalia vilevile, na kama mama atainama tena. Hamu ya kurudia ndiyo inayomchosha mtu mzima haraka zaidi, na ndiyo inayomfundisha mtoto. Kwa upande mwingine, umakini wake ni wa dakika chache. Mchezo ulioandaliwa kwa nusu saa unaweza kumshika kwa dakika tano tu, kisha akauacha na kwenda kuchezea kiatu. Mchezo huo haujashindwa. Atakayetayarisha shughuli ndogo tatu au nne zisizo na matayarisho marefu atavunjika moyo kidogo kuliko yule aliyekesha akikata maumbo ya karatasi.

Jambo jingine linahusu wenzake. Mtafiti wa Marekani Mildred Parten alionyesha mwaka 1932 kwamba watoto wadogo hupitia hatua ya kucheza bega kwa bega, kila mmoja na lake, kabla ya kuweza kucheza pamoja. Watoto wawili wa miaka miwili waliopewa kopo moja watagombana, na mahubiri ya kugawana hayatasaidia. Makopo mawili yatasaidia.

Kabla ya mchezo wowote, chumba hukaguliwa kwa macho ya mtoto, maana yake mlezi apige magoti. Akiwa chini ndipo ataona sarafu chini ya kochi, msumari uliochomoza na soketi iliyo usawa wa kidole. Kinachokaba koo ndicho cha kuogopwa kwanza. Kipimo rahisi ni kile kibomba cha kati cha karatasi ya chooni: kitu kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kwa kipimo hicho karanga, mahindi makavu, maharage, vifuniko vya soda na hata kete za bao, ambazo wengi huwapa watoto bila wasiwasi, zote zinaondoka. Betri ndogo bapa za saa na rimoti ni hatari ya aina yake, kwani moja ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ikishukiwa kumezwa, safari ni ya hospitali moja kwa moja. Mafuta ya taa hayawekwi kamwe katika chupa ya soda au ya maji, na mtoto aliyekunywa hatapishwi. Jiko la mkaa halikai katika chumba anachochezea mtoto, kwa sababu ya moto na pia kwa sababu ya hewa yake ya sumu isiyo na harufu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini vifungashio vya plastiki bado vimejaa majumbani, na mtoto akijifunika usoni huweza kukosa pumzi.

Kila anayelea mtoto, dada wa kazi na bibi wakiwemo, inafaa ajue la kufanya mtoto aliyetimiza mwaka anapokabwa na kushindwa kukohoa au kulia: kumwinamisha mbele na kumpiga mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja, kisha, kama kitu hakijatoka, kumkumbatia kutoka nyuma na kusukuma tumbo mara tano, juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Mizunguko hiyo hurudiwa huku msaada ukiitwa. Kidole hakiingizwi kinywani kutafuta kitu kisichoonekana, maana huweza kukisukuma chini zaidi.

Vifaa vyenyewe viwe vichache. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwapa watoto wadogo 36 nafasi ya kucheza mara moja na vitu vinne na mara nyingine na vitu kumi na sita. Walipokuwa na vinne walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Hili ni faraja kwa asiye na fedha za kununua midoli, na ni onyo kwa aliye nazo. Njia inayofaa ni kugawa vitu mafungu mawili au matatu, fungu moja likae chini na mengine yapandishwe juu ya kabati, kisha yabadilishwe baada ya juma. Kopo lililopotea siku saba hurudi likiwa jipya.

Kwa mtoto aliye karibu na mwaka mmoja, aliyeanza kusimama dede, shughuli ya kwanza ni kikapu cha vitu vya nyumbani. Wazo hilo lilienezwa Uingereza na mwalimu wa malezi Elinor Goldschmied, aliyeona kwamba vitu vya plastiki vyote vina uzito mmoja, ladha moja na joto moja, ilhali vitu vya kawaida vina tofauti nyingi. Kikapu cha huku kinaweza kuwa na mwiko mfupi, kijiko cha chuma, kifuu kilichosuguliwa mpaka kikawa laini, dodoki kavu, limau zima, kipande cha kanga, bangili nene, brashi ya nguo iliyo safi na kikombe cha bati. Mtoto huketishwa kando yake na kuachwa achague. Kazi ya mtu mzima hapo ni kukaa karibu na kunyamaza, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Wengi hushindwa kujizuia kumwonyesha mwiko unatumiwaje, na wakishamwonyesha, uchunguzi wa mtoto umekatwa.

Akishaanza kutembea vizuri anataka kutia na kutoa. Sufuria tatu za ukubwa tofauti pamoja na vifuniko vyake, zikatawanywa sakafuni, ni fumbo zuri kuliko mengi yauzwayo madukani: kifuniko kipi ni cha sufuria ipi, ipi inaingia ndani ya ipi, na kwa nini kubwa haikubali kuingia katika ndogo hata ikilazimishwa. Kopo la maziwa ya unga likitobolewa kifuniko chake cha plastiki tundu pana, mtoto hutumbukiza ndani yake vipande vya boksi vilivyokatwa ukubwa wa kiganja, humwaga, huanza upya. Kingo za kopo hupapaswa kwanza, maana zile zilizokatwa kwa kisu hukwaruza. Viazi na vitunguu vizima navyo ni vifaa vizuri: ni vikubwa, vina uzito, na vinaweza kuhamishwa kutoka tenga hadi beseni na kurudishwa asubuhi nzima. Kwenye miezi kumi na minane watoto wengi huweza kupandanisha vitu vitatu au vinne bila kuanguka. Miaka miwili ikitimia, mnara hufika vitu sita hivi. Maboksi matupu ya dawa ya meno na ya chai, yakijazwa karatasi na kufungwa kwa selotepu, hutosha kuwa matofali.

Kelele ya sufuria inahitaji neno moja. Mwiko ukigonga bati kwa robo saa katika nyumba yenye wapangaji sita, majirani watasema. Madumu matupu na makopo ya plastiki yana sauti ya chini, na kitambaa kikifungwa kwenye ncha ya mwiko, ngoma inabaki ngoma bila kuamsha mtoto wa jirani.

Maji humtuliza mtoto kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo yanayodai uangalizi usiolegea. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache, na huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha mikono. Kwa hiyo beseni huwekwa maji ya kina cha vidole viwili, mlezi hukaa palepale, na kama simu inalia au mtu anabisha hodi, mtoto huinuliwa na kuondoka naye. Mchezo ukiisha maji humwagwa wakati uleule. Ndani ya mipaka hiyo, kikombe, kata, kichujio cha chai, kipande cha sponji na chupa iliyotobolewa matundu chini hutosha kwa muda mrefu kuliko mchezo mwingine wowote. Sponji ina faida ya ziada, kwani kuikamua hujenga misuli ya kiganja itakayoshika kalamu baadaye. Panaponunuliwa maji kwa ndoo si lazima mchezo huu uachwe. Maji yale yale baadaye hupiga deki, na mtoto akipewa tambara husaidia kwa furaha kuyasambaza mahali yasipotakiwa.

Unga uliokandwa ni wa pili kwa maji. Wakati wa chapati mtoto hulilia tonge, na wengi humpa. Tatizo ni kwamba unga mbichi wa ngano unaweza kuwa na bakteria za kuharisha, na mtoto wa umri huu hula anachoshika. Ni afadhali kupika unga wa kuchezea. Vikombe viwili vya unga wa ngano huchanganywa na kikombe kimoja cha chumvi, vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kula na vijiko viwili vya maji ya limau, kisha hukorogwa katika sufuria kwenye moto mdogo mpaka mchanganyiko ushikane na kubanduka kwenye kingo, kama ugali unavyobanduka. Ukipoa hukandwa mpaka uwe laini. Manjano huutia rangi nzuri, ingawa hutia rangi hiyohiyo kwenye nguo nyeupe. Ukifungwa katika chombo kisichoingiza hewa hudumu majuma kadhaa. Chumvi yake ni nyingi na ina madhara ikiliwa kwa wingi, kwa hiyo unga huu ni wa mtoto aliyekwisha kuacha kutia kila kitu mdomoni, mara nyingi baada ya miaka miwili. Aliye mdogo kuliko huyo hupewa tonge la ugali uliopoa, alibonyeze, aliviringe, atoboe shimo la kidole na mwishowe alile. Zipo familia zisizopenda chakula kichezewe, na sababu zao ni za heshima. Kwao tambara lenye maji na sponji hufanya kazi ileile ya mikono.

Kuchora huanza karibu miezi kumi na minane, kwa mistari ya ovyo ambayo kwa mtoto ni ushahidi kwamba mkono wake umeacha alama duniani. Duara lililofungwa huja kwenye miaka mitatu hivi, kwa hiyo kumdai aliye mdogo achore mtu au nyumba ni kumwonea. Chaki nene juu ya sakafu ya saruji hutosha, na hufutika. Magazeti ya zamani na boksi lililokunjuliwa hufaa kwa kalamu nene za nta. Njia safi kuliko zote ni brashi ya kupakia rangi ukuta na kopo la maji: sakafu au ukuta wa saruji hugeuka mweusi pale brashi ilipopita, kisha hukauka na kurudi kama ulivyokuwa, na mtoto huanza tena. Asiyechelea uchafu anaweza kupika uji mzito wa unga wa muhogo au wanga wa mahindi, akautia rangi ya chakula na kuumimina juu ya sinia, mtoto apake kwa viganja. Siku hiyo mtoto acheze bila shati, na muda mfupi kabla ya kuoga.

Mikono ikichoka kukaa, mwili mzima unadai zamu yake. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, na asifungwe kitini au mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Dakika 180 zinatisha zikisomwa kwa pamoja, lakini hukusanyika zenyewe kwa vipande vya dakika kumi kumi. Mito ya kochi ikitupwa sakafuni huwa milima. Kiti kikifunikwa kanga huwa handaki la kupita kwa magoti. Kitenge kilichosokotwa na kulazwa sakafuni ni daraja la kutembelea hatua kwa hatua bila kuanguka mtoni. Soksi zilizokunjwa mviringo hurushwa katika beseni, kwanza kwa karibu sana ili mtoto apate, kisha kwa umbali unaoongezwa kidogo kidogo. Muziki ukiwashwa wote hucheza, ukizimwa wote husimama; mtoto wa mwaka mmoja na nusu hataweza kusimama, na hakuna ubaya.

Michezo ya kubeba na kusukuma inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hutuliza. Mtoto aliyechacharika anayekimbia ovyo mara nyingi hutulia akipewa kitu kizito kidogo: dumu la lita tatu lililotiwa maji robo na kufungwa sana alisukume kutoka mlangoni hadi dirishani, au pakiti ya mchele ya kilo moja ampelekee bibi na kuirudisha. Kiti cha plastiki husukumika vizuri kwenye sakafu laini na humsaidia anayejifunza kutembea. Kifaa cha magurudumu ambacho mtoto huketishwa ndani na kuelea kwa vidole hakimsaidii kujifunza kutembea, na kimeangusha wengi kwenye ngazi.

Kujificha ni mchezo mkongwe kuliko vyote hivi. Huanza na kanga iliyofunika uso wa mama na kuondolewa ghafla, wakati mtoto bado hajasadiki kwamba kisichoonekana kingali kipo. Baadaye hupanda daraja: limau hufichwa chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, kisha simu ya zamani hufichwa chini ya mto na kutafutwa. Kombolela ya wakubwa hubadilishwa kwa kipimo chake, mtu mzima akijificha nyuma ya pazia huku miguu ikiachwa nje kwa makusudi. Mtoto wa miaka miwili, ikiwa zamu yake, hujificha mahali palepale alipojificha awali, tena huku akicheka kwa sauti, na anayemtafuta ana wajibu wa kuzunguka chumba kizima kabla ya kumwona.

Kazi za nyumbani zenyewe ni hazina inayosahauliwa. Maria Montessori, daktari wa Italia, alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, aliwapa watoto kazi halisi za kufagia, kuosha na kupanga vyombo, akaona wanaziganda kuliko midoli. Nyumba za huku zilikuwa zikifanya hivyo bila kitabu. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutafuta soksi pacha katika rundo la nguo zilizoanuliwa, kuchambua majani ya mchicha na kuyatia katika bakuli, kumenya ndizi mbivu iliyoanzishwa, kufuta meza, kumpa mtu vibanio kimoja kimoja wakati wa kuanika, na kufagia kwa fagio lililokatwa mpini. Mchicha wake utakuwa na vijiti, na meza itafutwa katikati tu. Kazi itachukua muda mara tatu, ndiyo maana haifai asubuhi ya kukimbilia kazini. Inafaa Jumamosi, na inafaa zaidi kwa anayeshinda nyumbani.

Hapa ndipo anapoingia dada wa kazi, ambaye makala nyingi za malezi humsahau ingawa ndiye mwenye mtoto kutwa. Dada huyo hupimwa kwa usafi wa sakafu, weupe wa nguo na chakula kuwa tayari. Hakuna anayemuuliza jioni mtoto alicheza nini. Kwa hesabu hiyo televisheni ni rafiki yake na beseni la maji ni adui. Mwajiri anayetaka mtoto achezeshwe hana budi kubadili hesabu: amwambie wazi kwamba maji sakafuni na unga kwenye mkeka si kosa, ampunguzie kazi moja mahali pa mchezo, na amwonyeshe michezo miwili mitatu kwa vitendo siku ambayo hakuna haraka. Inasaidia pia kutenga eneo. Mkeka mmoja ukitandikwa kila mara pale pale, ikajulikana kwamba kuchafua kunaruhusiwa juu yake na si nje yake, mtoto hujifunza mpaka huo mapema kuliko wengi wanavyodhani, na kusafisha huwa ni kukung'uta mkeka.

Mchezo wa lugha hauhitaji mkeka wala beseni. Nyimbo za vidole na za viungo vya mwili hufanya kazi kwa sababu mwendo na neno hufika pamoja, na lugha yoyote ya nyumbani inafaa. Bibi akiimba Kichaga au Kidigo na baba akiimba Kiswahili, mtoto hazipotezi zote mbili. Hadithi ndefu bado hazijamfaa, lakini aliye na miaka miwili hujibu "Pakawa!" kwa sauti kuu kila asikiapo "Paukwa!", muda mrefu kabla ya kufuata habari ya sungura na fisi. Kitabu cha kwanza kinaweza kutengenezwa kwa vipande vya boksi vilivyotobolewa na kufungwa kwa uzi, kila ukurasa ukibandikwa picha kutoka kalenda kuukuu au pakiti ya sabuni. Picha za shangazi na babu huvutia zaidi ya picha za twiga. Mradi wa African Storybook unatoa vitabu vya picha bila malipo, vya Kiswahili vikiwemo, na vinaweza kuchapishwa kwenye karatasi. Mtoto atadai kitabu kilekile jioni kumi mfululizo, na apewe.

Kuigiza huchipuka kati ya miezi kumi na minane na ishirini na minne: kopo hugeuka simu, kijiko humlisha mwanasesere, kanga humbeba mgongoni. Wakenya huuita mchezo wa namna hii kalongolongo ukishakuwa wa wakubwa zaidi, na kwingine ni mchezo wa baba na mama. Boksi kubwa la friji au la televisheni hukatwa mlango likawa nyumba, au huwekwa wazi juu likawa daladala yenye konda anayedai nauli. Mzazi aliyechoka ana nafasi yake katika mchezo huu: awe mgonjwa. Mgonjwa hulala chali, hufunikwa, huchomwa sindano ya kijiti na kunyweshwa dawa isiyoonekana, na anapata robo saa ya kupumzika kwa halali.

Kuhusu skrini, mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani hauipendekezi kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unaiwekea kikomo cha saa moja kwa siku, pungufu ikiwa bora. Hata kipindi kizuri cha Kiswahili kama Akili and Me, kinachotengenezwa Tanzania na shirika la Ubongo, kimewalenga watoto wa miaka mitatu hadi sita. Dakika kumi za katuni wakati mafuta yanachemka jikoni hazitamharibu mtoto, na mzazi aliye peke yake asizibebe kama dhambi. Kinacholeta shida ni simu kuwa jibu la kwanza la kila kilio, kwa sababu mtoto hujifunza haraka kwamba kilio ndiyo namba ya siri. Mazungumzo ya video na baba aliye Muscat au shangazi aliye Minneapolis hayahesabiwi pamoja na katuni: kuna mtu anayejibu, anayeita jina lake na kusubiri zamu yake.

Mpangilio wa siku hufuata mwili wa mtoto. Asubuhi baada ya uji nguvu ni nyingi, na michezo ya mito, madumu na muziki hufaa. Karibu na saa nne au saa tano, anapoanza kutulia, mikono hupewa kazi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika saa 24, wa mchana ukiwemo, na mtoto aliyekosa usingizi wa mchana hatafurahishwa na mchezo wowote. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya jioni chakula kinapopikwa, wakati kila mtu ana njaa. Mchezo bora wa siku uwekewe akiba kwa saa hiyo, yaani sufuria na vifuniko mahali mbali na moto lakini panapoonekana, au kikapu ambacho hakijatolewa tangu juzi. Kurudisha vitu kikapuni nako hufanywa mchezo kwa urahisi, kwa kuwa kutia ndani ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya siku nzima. Kinachohitajika ni kikapu kimoja kipana badala ya masanduku mengi yenye mpangilio anaoujua mama tu.

Mtoto mgonjwa au anayepata nafuu hudai michezo ya kitandani isiyohitaji kusimama: kupapasa vitambaa vya aina mbalimbali akiwa amefumba macho, kivuli cha vidole ukutani, kuchagua soksi, picha za jamaa. Akikataa vyote asilazimishwe.

Mchezo pia humwonyesha mlezi mambo ambayo mizani ya kliniki haiyaoni. Mtoto wa miezi kumi na minane ambaye hanyooshi kidole kuonyesha anachokitaka au kinachomshangaza, asiyegeuka akiitwa jina lake, wa miaka miwili ambaye bado hana maneno au haunganishi hata mawili, au wa umri wowote aliyekuwa akifanya jambo kisha akaacha kabisa, anahitaji kuangaliwa na mtaalamu. Msemo kwamba watoto wa kiume huchelewa, au kwamba ataongea tu kama babu yake, umewachelewesha wengi. Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mahali pa kuanzia, na mlezi aende na kadi ya kliniki pamoja na maelezo ya wazi ya kile mtoto anachocheza na asichocheza.